Kuku wakifungiwa, hewa kwanza

Nikisikia tu kwamba ndege wanakufa ziwani, kuku wangu hawatoki tena bandani. Naishi upande wa Entebbe, na ghuba ya Lutembe ya Ziwa Viktoria haiko mbali nasi. Januari 2017 ndipo walipokutwa buabua wa mabawa meupe, wale wageni wanaokimbia baridi ya kaskazini, wamelala wafu ufuoni. Kisha bata na kuku wa watu wakafa kule Masaka. Ilikuwa mafua ya ndege, virusi vya aina ya H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka Uganda, na wafugaji wengi wakabaki na mali isiyo na mnunuzi.

Basi kufungia ni lazima. Ila kuku wa kienyeji aliyezoea kuparua chini ya migomba, ukimfungia vibaya atakufa kwa jambo jingine kabisa. Nimeona banda lililozungushiwa turubai pande zote hadi juu, mwenyewe akiamini amewakinga. Kuku walikuwa wanakoroma. Kinyesi kikilowa hutoa amonia, na amonia huchubua njia ya hewa, kisha magonjwa mengine hupata mlango. Chuchumaa mpaka kichwa chako kilingane na cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, wao wanaishi humo usiku na mchana.

Banda langu lina ukuta mfupi chini, na juu ni wavu wa matundu madogo ambayo hata shorewanda hapiti. Paa ni bati, lisilovuja, maana kinyesi cha ndege wa mwituni kinaweza kudondoka kutoka juu. Chini natandika maganda ya kahawa, ambayo huku kwetu ni rahisi kupata. Nayageuza kwa reki, na nikifumbata konzi moja lazima limwagike nikifungua mkono. Likibaki donge, naondoa sehemu hiyo yote na kuweka makavu. Unyevu ndio huleta kuhara damu, hasa kwa vifaranga.

Nafasi nayo: kuku wanne kwa mita moja ya mraba, wasizidi. Wakibanana huanza kudonoana, na damu ikishaonekana hawaachi. Nawaninginizia fungu la dodo, yaani mchicha, au kabichi juu kidogo ya vichwa vyao ili waruke, wang'ang'anie, wachoke. Mtama nautawanya ndani ya maganda wautafute. Mukene, yaani dagaa, na pumba za mahindi havikosekani, na maganda ya mayai nayakausha motoni na kuyasaga.

Maji ya ziwani situmii kamwe. Viatu vya bandani havitoki bandani, na mlangoni kuna beseni la dawa. Chanjo ya kideri (Newcastle) hawakosi, maana dalili za ugonjwa huo zinafanana mno na za mafua haya: vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga wa kichwani kugeuka zambarau.

Wakianza kufa hivyo, mama mwenzangu, usichinje wagonjwa haraka haraka wala usipeleke sokoni. Usiwaguse kwa mikono mitupu. Mpigie daktari wa mifugo, umjulishe na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Na bata watenge na kuku tangu sasa, kwa sababu bata anaweza kubeba virusi hivi huku akiogelea na kula kama kawaida.