Kipa wangu ni Hasek, wengine baadae

Kila yakianza mabishano ya nani kipa bora wa hoki ya barafuni watu wanakimbilia namba za Martin Brodeur, ushindi mechi 691, mechi 125 hajaruhusu goli hata moja, na kweli bana hizo namba hakuna aliyezifikia NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, mpaka leo. Ila mi nimedaka mpira mtaani miaka mingi, kipa namuangalia kivyangu, swali langu ni moja tu, huyu ukimtoa langoni timu inabaki na nini? Hapo jibu langu ni Dominik Hasek na sibadilishi.

Kwa ambao hamjawahi kuangalia, goli lao ni dogo, upana mita 1.8 na urefu mita 1.2 hivi, lakini kinachopigwa ni puki, kisahani cha raba ngumu ambacho kinaweza kupita kilomita 160 kwa saa, na mbele ya kipa wamejazana watu wanamziba makusudi asione. Na zamani walikuwa wanasimama hapo uso wazi jamani! Glenn Hall alicheza mechi 502 mfululizo bila kinyago. Jacques Plante wa Montreal ndo akagoma, Novemba 1, 1959 kule New York shuti la Andy Bathgate likampasua uso, akaenda kushonwa, akamwambia kocha wake Toe Blake sirudi bila kinyago changu, kipa mwingine hakuna, kocha atafanyaje, akakubali na wakashinda 3-1. Plante namheshimu sana kwa hilo.

Sasa Hasek. Mtoto wa Pardubice, Czechoslovakia, timu ya Chicago walimchagua 1983 kwenye ile zamu ya timu za NHL kugawana wachezaji vijana, akiwa wa 199, yaani mwishoni huko, kaenda Marekani 1990 akawekwa benchi nyuma ya Ed Belfour, wakamuuza Buffalo, mpaka anakuwa kipa namba moja ana miaka 28 tayari. Staili yake ilikuwa haifanani na kitu, anajirusha, anagalagala, miguu juu, saa nyingine anaachia fimbo kabisa anashika puki kwa mkono, ungesema kapotea kumbe katika kila mashuti 1000 anaokoa kama 922, na katika makipa waliocheza miaka mingi hakuna aliyemzidi. Tuzo ya Vezina ya kipa bora kachukua 6, halafu Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima kachukua 1997 na 1998, kipa mwingine aliyeibeba mara mbili hayupo.

Mechi ya kumuelewa ni ile ya Aprili 1994, Buffalo na New Jersey, dakika 60 zikaisha 0-0, wakaingia nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nne ndo Buffalo wakapata goli. Hasek aliokoa mashuti 70. Sabini! Na upande wa pili alikuwa Brodeur huyo huyo, kijana wa miaka 21.

Halafu Nagano 1998, Olimpiki ya kwanza NHL kuruhusu wachezaji wake. Nusu fainali Czech na Canada 1-1, wakaenda penati. Wakaja wa Canada, Fleury, Bourque, Nieuwendyk, Lindros, Shanahan, mmoja mmoja, watano wote hakuna aliyefunga, na Wayne Gretzky wao, wakati huo ndo mwenye magoli mengi kuliko wote katika historia ya NHL, kaachwa benchi anaangalia tu. Fainali wakawapiga Urusi 1-0, dhahabu.

Ile klipu ya penati nimeirudia sijui mara ngapi, na mpaka leo Shanahan akianza kusogea moyo unanienda mbio, wakati najua kabisa Hasek anaokoa.