Kwa nini ukiingia ziwani mkojo unakubana

Jumapili nilishuka Katonga, hapa kwetu Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, na watoto wa dada kuogelea, na kama kawaida hata nusu saa haijaisha katoto kamoja kanatoka majini mbio kanakimbilia majanini huku kamejishika. Nikacheka sana, maana na mi nilikuwa hivyohivyo, na bibi alikuwa ananichapa akisema nakunywa maji ya ziwa hovyo ndo maana nakojoa kama bomba bovu. Bibi wangu huko uliko, sikuwa nakunywa. Sawa, kidogo yalikuwa yanaingia mdomoni. Ila mwenye kesi alikuwa moyo.

Mi nafundisha bailojia sekondari, na miaka yote nimewaambia wanafunzi moyo ni pampu, andika, nukta, twende mada inayofuata. Kumbe moyo ni tezi pia, unatengeneza homoni yake na unaituma kwa figo.

Iko hivi. Ukiwa umesimama nchi kavu damu nyingi imetulia chini miguuni na tumboni, sasa ukizama hadi shingoni maji yanakukandamiza kote, ile damu inasukumwa juu kifuani na zile auriko, vile vyumba vya juu vya moyo, zinajaa na kutanuka. Moyo haujui kama uko Katonga unaogelea, unachojua ni kwamba umejaa, kwa hiyo unaona damu imezidi mwilini na inabidi ipunguzwe, na wa kupunguza ni figo. Baridi ya maji nayo inachangia, na ubongo nao unapunguza ile homoni yake ya kuzuia mkojo, sitaki kumpa moyo sifa zote.

Hii ya kutanuka kwa auriko walishaiona kwa mbwa mwaka 1956. Watafiti kina Henry na Gauer walimlaza mbwa usingizi, wakaingiza puto dogo kwenye auriko ya kushoto, wakalijaza, na mkojo ukaongezeka wakati mbwa mwenyewe hajaongezewa maji. Wakati huo maelezo yalikuwa ni neva zinazopeleka habari kwenye ubongo. Mwaka huohuo mtafiti mwingine, Bruno Kisch, alikuwa anaangalia auriko za simbilisi wa maabara kwa darubini ya elektroni, akakuta ndani ya seli kuna vipunje vimepangana kama vile vya kwenye tezi za homoni. Hebu fikiria, pampu ina stoo! Ya kuweka nini?

Jibu lilikaa mpaka 1981. Adolfo de Bold, Muargentina aliyekuwa anafanya kazi Kingston kule Kanada, yeye na wenzake walichukua auriko za panya wakazisaga, wakatoa maji yake na kuwachoma sindano panya wengine kwenye mshipa. Wale panya chumvi kwenye mkojo ilipanda zaidi ya mara 30, na mkojo wenyewe ukaongezeka mara 10, na ndani ya dakika 20 mambo yameisha. Wakafanya hivyohivyo kwa kutumia ventriko, vyumba vya chini, hola. Ni supu ya moyo tu jamani, lakini kipande cha juu cha moyo, na majibu yanakuwa tofauti kabisa. Baadaye ikajulikana ni peptidi, yaani kamnyororo ka amino asidi 28, ikaitwa atrial natriuretic peptide, kifupi chake ANP.

Ninachokipenda zaidi ni inavyofanya kazi ikifika kwenye figo. Kila kichujio cha figo kina kamshipa ka kuingiza damu na kamshipa ka kuitoa, sasa ANP inalegeza ka kuingizia na kubana ka kutolea, presha ndani ya kichujio inapanda na maji yanachujika kwa wingi. Haitosheki na hapo, inaenda mpaka kwenye mirija ya mwisho kabisa inazuia sodiamu isirudishwe kwenye damu, na chumvi ikitoka maji yanaifuata. Halafu inazinyamazisha renini na aldosteroni, ambazo kazi yao ni kung'ang'ania chumvi. Baada ya dakika chache haipo tena, na moja ya sehemu zenye kimeng'enya kingi cha kuikatakata ni figo hiyohiyo, yaani aliyeletewa barua ndo anaichana.

Ndugu yake anaitwa BNP, hiyo B ni ya brain, yaani ubongo, maana alipatikana 1988 Japani kwenye ubongo wa nguruwe, ikaja kugundulika kwamba kwa wingi anatoka kwenye ventriko za moyo, ila jina la ubongo likabaki. Siku hizi hospitali zenye kipimo wanampima kwenye damu kujua kama moyo umeelemewa.

Jioni nikapita Kibirizi nikamkuta baba mdogo anashona nyavu, nikammwagia yote hayo maana nyumbani hakuna anayenisikiliza. Akashona wee, akashona, afu akaniuliza, "Sasa mgebuka je, yeye anaishi humohumo majini, anakojoa saa ngapi?"

Swali la maana kuliko yote niliyoulizwa darasani mwaka huu. Nikamwambia samaki wa maji baridi kama huyu wetu maji yanamuingia yenyewe kupitia mashavuni, kwa hiyo hana haja ya kuyanywa, yeye kazi yake ni kuyatoa, anakojoa mkojo mwingi mwepesi. Wa baharini kinyume chake, bahari inamnyonya maji, inabidi ainywe. Na samaki nao wanayo homoni hii ya moyo, tena samaki aitwaye mkunga, yule mrefu kama nyoka, akiwa kwenye maji ya bahari ukimchoma ANP kidogo tu anaacha kunywa, chumvi isizidi kuingia.

Baba mdogo akaangalia ziwa. Akaangalia ndoo ya maji aliyotoka kuchota pale pale, ya kupikia chai.

"Na dagaa nao?"

"Na dagaa nao, baba."

"Wote?"

Akasonya, akabandika sufuria.