Mama karanga na mchango wa mwaka mzima

Mwanzoni mwa 2024, rasimu ya kanuni za Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya ilipoletwa kwa wananchi watoe maoni, tulikaa barazani kuandika memoranda ya kikundi cha mama karanga. Hawa ni kina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara.

Malalamiko yalikuwa tele, lakini malalamiko hayaingii kwenye kanuni. Kinachofanyiwa kazi ni jedwali la safu nne: namba ya kifungu, kinavyosema sasa, tunavyotaka kisemeke, na sababu. "Serikali itusaidie" haina safu yake.

Walichotaka hasa ni kulipa kila mwezi, kama zile shilingi 500 za NHIF, bima ya taifa ya zamani. Tukafungua Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, kifungu cha 27: mwenye mshahara anakatwa kila mwezi, kaya isiyo na mshahara inalipa mchango wa mwaka. Hapo tukakwama, maana kanuni haziwezi kupindua sheria iliyozizaa. Ukiomba jambo hilo unajibiwa kwa mstari mmoja na karatasi inawekwa kando. Bahati nzuri Sheria hiyohiyo inamtaka waziri aweke utaratibu wa wasio na mshahara kukopeshwa mchango huo. Tukaingilia hapo: mkopo usiwe na riba, huduma ianze mara awamu ya kwanza ya mkopo ikilipwa, na tarehe ya kulipa iangukie kaskazi, msimu wa bahari tulivu. Kusi likiingia, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki, na samaki akipatikana bei yake haishikiki. Ukimdai mama karanga pesa za mwaka mzima mwezi Juni, ataacha siku zipite, na bima italala.

Safu ya sababu tuliijaza kwa hesabu. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato, lakini kisipungue shilingi 300 kwa mwezi. Sasa, 300 ni asilimia 2.75 ya takriban 10,900. Yeyote anayepata chini ya hapo anatozwa zaidi ya kiwango: mwenye 6,000 anatoa asilimia 5, ilhali mwenye laki mbili amebaki palepale kwenye 2.75. Sijasikia bado mtu akilitetea hilo akaeleweka.

Siku ya kikao, kila msemaji alipewa dakika tatu. Wengi walizimaliza kwa salamu na itifaki. Sisi tuligawana vifungu, kila mmoja na chake, na nakala tulikuwa nazo mbili: moja ya kuacha, moja ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Usipokuwa na muhuri, kesho utaambiwa hukuleta kitu.

Kilichochemsha ukumbi kilikuwa kipimo cha uwezo wa kaya, kwa kuwa kinaangalia hali ya nyumba na huduma ilizonazo, wala si pesa iliyo mkononi. Mama mmoja wa makamo alisimama.

"Mwanangu, nyumba yangu ina mabati. Kijana wangu aliniezekea kabla hajaachishwa kazi Mombasa. Mtanitoza kwa mabati?"

"Mama, ukiona umekadiriwa juu, utakata rufaa."

"Naipeleka wapi hiyo rufaa? Na nauli?"

Afisa aliandika kitu kwenye daftari lake. Jedwali letu lilikuwa limeshataka rufaa ipokelewe kwa chifu, kwa maandishi, ijibiwe kwa siku 30.

Kanuni zilichapishwa Machi. Kima cha chini cha 300 kikabaki, na malipo ya mwaka yakabaki. SHIF, mfuko wa bima hii mpya, ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024; mpango wa kukopeshwa mchango, Lipa SHA Pole Pole (SHA ni mamlaka inayosimamia bima hiyo), ukaja 2025.

Kikundi hakikuwa na muda wa kungoja. Msimu wa kaskazi kila mmoja akawa anatoa shilingi 30 kwa siku ya kazi. Siku 120 zinatimiza 3,600 za mwaka kabla kusi halijafika. Aliyekadiriwa 500 kwa mwezi anatoa 50, na siku zake ni zilezile 120. Mweka hazina analipa kwa simu kupitia *147#, mwenye bima akiwa amekaa pale, na ujumbe wa kuthibitisha unasomwa kwa sauti kabla simu haijarudi mfukoni.