Uzoefu wangu: Mikoko ilishika tulipoanza kupima levo

Ushauri tuliopewa na wafadhili wetu wa kwanza ulikuwa mfupi: pandeni mikoko penye tope tupu, ndipo penye nafasi. Nimeusikia ukirudiwa Jomvu, Junda hadi Mtwapa, na kila masika kuna kikundi kinaufuata. Ni ushauri mbaya. Tope likiwa tupu na mikoko imelizunguka, kuna sababu lipo tupu, na sababu hiyo ndiyo itakayoua miche yenu. Mikoko huangusha mbegu kila mwaka na maji huzisambaza kila pembe bila malipo. Pahali pangekuwa panafaa, pangeota zamani.

Ninayoyaandika hapa ni ya upande wa Mikindani, ndani ya mkono wa bahari wa Tudor. Kaunti ya Mombasa ina takriban hekta 3,700 za mikoko, na sehemu kubwa ya hiyo imebanwa na nyumba, barabara, maji taka na bandari. Hatuna nafasi ya kupoteza kwa kubahatisha.

Mara ya kwanza tulipanda mbegu za mkoko wenyewe (mmoja tu wa miti tunayoiita mikoko) kama elfu mbili kwenye tope la mbele, upande wa bahari, mita moja kwa mita moja, mistari imenyooshwa kwa kamba. Mwezi wa kwanza karibu zote zilisimama na picha zikapigwa. Mwezi wa tatu majani yakavaa koti la tope ambalo halikuoshwa na mvua wala maji. Baadaye vikaja vile vijidudu vya gamba jeupe, vikali kama meno, vikaganda kwenye shina kuanzia chini kwenda juu. Mche mwembamba kama kidole ukibeba uzito huo, maji yanayotoka huulaza, na ukishalala mara tatu nne hauinuki tena. Nilipasua miche iliyokufa kwa kisu, kwa urefu: ndani ilikuwa kahawia kuanzia ncha mpaka katikati, na mizizi michache iliyochipua ilikuwa myeusi, laini, inanuka yai bovu. Hiyo ni mizizi iliyokosa hewa. Mkoko mkubwa hupumua kwa ile mizizi inayojipinda kutoka shinani na kusimama juu ya tope; mche haujawa nayo. Ukikaa chini ya maji zaidi ya nusu ya siku, unakufa kwa kukosa pumzi, hata kama mbegu ilikuwa nzuri na mpandaji ni hodari. Mwaka ulipoisha, iliyobaki haikufika hamsini.

Mzee mmoja aliyewahi kukata fito na boriti huko alitazama lile tope akasema, "Mwanangu, hapo hata mlilana haupataki." Alikuwa na haki. Mlilana, aina moja ya mikoko, ndio unaokaa mbele kabisa, unaovumilia maji mengi kuliko wote. Nyuma yake ndio mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana mbele na hata nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Kila mti una levo yake, yaani kimo chake, na tofauti ya kiganja kimoja inatosha kuua. Kwa hiyo swali halikuwa tupande nini. Swali lilikuwa ardhi hii ina kimo gani ukilinganisha na maji.

Kupima kimo hicho watu hudhani ni lazima umlete mpima ardhi na mashine yake. Si lazima. Kinachohitajika ni fito, vifuniko vya chupa za maji vya plastiki, misumari midogo, jedwali la maji la bandari ya Kilindini (linaloonyesha maji yatajaa lini na kufika kimo gani) na mpira wa levo wa fundi mwashi. Vifuniko mtavipata bure, vimejaa mikokoni.

Chukua ufito ulionyooka wa mita mbili na nusu juu ya ardhi, na nusu mita ya kuchomeka. Pigilia vifuniko vikitazama juu kama vikombe, kila sentimita tano, ukizunguka ufito kama ngazi ya mnara ili kimoja kisikinge kingine. Msumari upite ubavuni mwa kifuniko, karibu na mdomo. Ukiupiga kitakoni kifuniko kinavuja na kazi yote ni bure. Tulipoteza bamvua nzima, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwa kosa hilo. Chomeka fito tatu mahali pamoja, hatua moja moja, kisha subiri bamvua. Maji yakishapwa, nenda usome: kifuniko cha juu kabisa chenye maji ndicho alama ya maji yalipofika. Fito zikitofautiana, chukua ile ya kati.

Siku ya kupima huchaguliwa. Mombasa maji ya bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne asubuhi. Soma maji ya alfajiri, kabla upepo haujaamka, kwa sababu wimbi dogo tu linajaza kifuniko ambacho maji hayakukifikia. Fanya Januari au Februari, wakati wa kaskazi na ukavu. Mvua ikinyesha usiku, vifuniko vyote vinajaa na huna unachosoma. Na usichelewe mpaka mchana, jua litakausha.

Hesabu yake ni kutoa tu. Jedwali likisema maji yatafika mita 3.6, na kifuniko cha juu chenye maji kiko mita 2.1 kutoka ardhini, basi ardhi hapo iko mita 1.5. Kwenye jedwali hilo kimo cha kati cha bahari Kilindini ni kama mita 1.9, na mikoko karibu yote huanzia hapo kwenda juu. Lile tope letu tupu, la mita 1.5, lilikuwa chini ya kimo hicho cha kati! Kisha tukaenda kwenye mkoko wa asili, mti wa mbele kabisa uliokomaa, tukapima vilevile: mita 2.2. Tulikuwa tumepanda sentimita sabini chini ya mahali ambapo mkoko wenyewe ulikuwa umekataa kuvuka.

Ukishapata kimo cha sehemu moja, nyingine zote hupimwa kwa mpira wa levo, maana maji husimama sawa ncha zake zote mbili. Tulitumia wa mita ishirini, ule mweupe unaoonekana ndani, gharama yake mia kadhaa tu. Ujaze maji polepole kwa kuufyonza kutoka kwenye ndoo, halafu uukague wote kwa macho: kiputo kimoja cha hewa kinakudanganya sentimita kadhaa. Weka rangi ya chakula kidogo maji yaonekane. Kwa asubuhi mbili za maji kupwa tulipima pointi zaidi ya arobaini, tukachora ramani kwenye karatasi ya darasani, na ramani hiyo ndiyo iliyotuonyesha mambo yote.

Ilituonyesha kwamba eneo zuri la kimo halikuwa mbele. Lilikuwa nyuma, ndani ya tuta la bwawa la samaki lililoachwa, ambalo wote tulikuwa tukilipita na kusema pale pamekufa. Ardhi yake ilikuwa kati ya mita 2.4 na 2.9, mahali pa mkoko na mkandaa hasa. Ila ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Maji ya bamvua kubwa yalikuwa yanaruka tuta, yanaingia, halafu hayana njia ya kutoka. Yanakaa mpaka yanakauka, na chumvi inabaki. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Mchu huvumilia karibu mara mbili ya hapo, mkoko hauvumilii, na pale hata mchu ulikuwa umeshindwa. (Msipime kwa kuonja. Tudor huingia maji taka yasiyosafishwa. Azimeni kipima chumvi kwa watafiti, ni kidude cha kushika mkononi.)

Hapo ndipo pesa na nguvu zinafaa kwenda. Hatukununua mche hata mmoja mwaka huo. Tulifungua tuta.

Kabla ya jembe, ruhusa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na iko chini ya Shirika la Misitu, KFS. Kuchimba mfereji bila barua ni kosa hata kama nia yako ni njema. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jumuiya kushirikiana na shirika kwa mkataba, basi piteni huko, na muwahusishe wavuvi wa bandari yenu ndogo mapema, maana madau yanapita hapo.

Tuta halifunguliwi popote. Tafuta mkondo wa zamani ulikopita: mahali ambapo tuta limelegea, au ambapo kwa nje pana kijito kinachoishia ukutani ghafla. Hapo fungua upana wa hatua moja na nusu. Kina kilingane na kitako cha kile kijito cha nje, usizidishe. Ukizidisha, maji yanayotoka yanakimbia, yanakula ardhi ya ndani na kulibeba tope lote. Ukipunguza, maji yanabaki ndani na chumvi inarudi. Chimba wakati wa maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo tu, kuanzia ndani kwenda nje, na acha kizibo cha mwisho cha upana wa karai mbili mpaka siku ya mwisho. Udongo mnaoutoa utandazeni mwembamba mahali palipo chini. Mkiuacha rundo, mmejenga tuta jipya, na juu yake hakuna kitakachoota ila magugu ya chumvi.

Kizibo kilitolewa maji yakiwa yamepwa kabisa. Bamvua ya kwanza ilipoingia ilikwenda kwa kishindo, ikapanua mdomo wenyewe karibu mara mbili, na jioni yake maji yakatoka yakiwa na rangi ya chai. Baada ya bamvua sita ile ngozi nyeupe haikuonekana tena. Kaa wakaanza kutoboa mashimo, na hao ni mafundi wetu: kila shimo linaingiza hewa na kuosha chumvi chini.

Masika yalipofika, mbegu ziliingia zenyewe. Mchu ulitangulia, ukaota kama mchicha uliomwagwa. Mkoko na mkandaa ilifuata pembeni mwa mfereji. Sisi tulipanda tu kwenye mapengo, na hapa nina machache kwa sababu wengi wanaokota mbegu mbichi.

Mbegu ya mkoko hukomaa ikivaa kola ya manjano pale inapoungana na tunda. Iking'atuka kwa kuguswa tu, imeiva. Ikibidi uivute, iache. Ya mkandaa ni fupi, nayo itazame kola hiyo hiyo. Usizipande siku ile ile. Zifunike kwa gunia lenye majimaji kivulini kwa siku saba hadi kumi, maana mbegu mbichi ina utamu na kaa huikata usiku wa kwanza. Ikinyauka kidogo wanaiacha. Chomeka theluthi moja tu ndani ya tope. Ukizamisha nusu, unaizika. Mbegu za mchu hazingoji hivyo, zinakufa baada ya siku chache, kwa hiyo ziloweke usiku mmoja ganda litoke kisha zipelekwe kitaluni. Panda bamvua ikishapungua, ili mche upate siku za utulivu kabla maji makubwa hayajarudi.

Taka ndizo zilizotusumbua zaidi. Nepi moja ikijiviringisha kwenye mche, maji yanaivuta kama tanga mpaka mche unang'oka. Wengine hutandaza nyavu kuukuu mdomoni kuzuia taka. Sikubaliani nalo: wavu unanasa samaki na kaa wadogo, na ukijaa taka unaanguka juu ya miche yote pamoja. Tulisimika fito shubiri moja moja, mstari wa mshazari unaosukuma taka pembeni, na kila siku ya pili ya bamvua zinaokotwa. Mbuzi nao wanapenda mchu kuliko nyasi. Hapo dawa ni kuzungumza na wenyewe, akina mama wa pale juu, kabla ya kuzungumzia ua.

Naulizwa pesa za kaboni, yaani malipo ya hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, zitakuja lini. Gazi, kule Kwale, wanauza tangu 2013, lakini wana hekta 117 na hesabu yao ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Bwawa moja la Mikindani halifiki huko, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Kilichokuja kwetu ni samaki wadogo na kamba wanaoingia na maji kupitia ule mfereji, na wavuvi wa nyavu za mkono wameliona hilo kabla yangu.

Mwaka huu mizizi ya mchu ya kupumulia imeanza kuchomoza kama penseli, kwanza karibu na mdomo, sasa imevuka katikati ya bwawa. Lile tope la mbele tumeliacha kama lilivyo, na ndege wanakula hapo maji yakipwa. Upande wa kusini kuna tuta la pili. Limeshapimwa, ardhi ya ndani iko mita 2.6, na barua ya KFS ikitoka tutalifungua kwa maji mafu yanayofuata.