Mkono Wangu Juu ya Kata

Aprili 2, siku ya dunia ya kuelimishana kuhusu usonji (autism), mwanangu alirudi kutoka shule na karatasi ya kuwataka wavae buluu, akaniuliza, "Mama, mtu mwenye usonji unamjua vipi?" Nilikuwa nakuna nazi. Majibu ya vitabuni ninayo, ndiyo kazi yangu, lakini kilichonijia ni kata ya maji kule Ganze.

Enzi zile bado nazunguka na fomu za utafiti Kilifi nzima, pwani ya Kenya. Tulianza na yale Maswali Kumi ya kutambua ulemavu, ambayo mzazi wa mtoto wa miaka 2 hadi 9 huulizwa: anasikia, anaona, anaelewa akitumwa, amewahi kupata degedege? Kisha fomu ndefu zaidi. Siku hiyo bodaboda iliniacha njia panda, nikamalizia kwa miguu, nikapiga hodi, nikapewa kigoda chini ya mkorosho.

Mama mtu alisema mtoto ni kiziwi, ndivyo alivyoambiwa zahanati. Bibi akaja juu. "Kiziwi gani huyu? Nifungue biskuti huko ndani, yeye yuko mwembeni, utamwona mbio anakuja! Haya, mwite jina lake."

Nikamwita. Mvulana alikuwa akipanga vifuniko vya soda kando ya ukuta wa udongo, vyote vimetazama juu. Hakugeuka. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji huko Marekani, kadhaa kati yao walikuwa wamedhaniwa viziwi vivyo hivyo.

Nikaendelea: je, huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka?

Kabla mama hajajibu, mtoto akainuka. Hakwenda kwa mama yake, alikuja kwangu. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyenye vumbi, bila kunitazama usoni, akanivuta hadi kwenye mtungi uliokuwa kivulini mwa makuti. Akakilaza kiganja changu juu ya mpini wa kata, akasubiri, macho kwenye maji. Nikateka nusu. Akanisukuma kiwiko. Nikajaza. Akaishika kata kwa mikono miwili, akanywa mpaka kidevu kikachuruzika, akairudisha mkononi mwangu na kwenda zake kwenye vifuniko.

"Ndivyo anavyosema," mama akaniambia. "Akiuweka mkono wangu mlangoni, anataka kutoka. Akiuweka kichwani pake, kinamuuma. Na mimi kila mara namtajia: maji, mlango, kichwa. Ipo siku litamtoka moja."

Fomu ilitaka ndiyo au hapana. Nikatia alama ya hapana, halafu nikajaza pambizo lote kwa maneno yake.

Alipoona nakunja makaratasi, akauliza, "Sasa dada, mkishaandika, kuna wa kumfundisha?"

Nilimwandikia barua ya kwenda kituo cha tathmini ya elimu maalum, vile vituo vilivyoanzishwa Kenya kuanzia 1984. Nauli ya kwenda na kurudi ilishinda kibarua chake cha siku. Utafiti ukaisha, takwimu zikaandikwa, mimi nikaenda kusoma zaidi.

Siku hizi yapo mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa aina hii, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na Kenya yamekwisha kujaribiwa. Mlezi hufundishwa kumfuata mtoto katika kile anachokipenda, kukitaja kwa maneno machache, na kumsubiri. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilimkumbuka yule mama papo hapo, kwa kuwa alikuwa akiyafanya miaka yote hiyo na hakuna aliyemfundisha. Naamini mafunzo haya yanafaa, na wazazi wengi wanayahitaji sana. Ila kwa mtu kama yeye sijui tungeanzia wapi. Ujuzi anao. Anachokosa ni nauli, shule ya kumpokea mwanawe, na mtu wa kumshikia mtoto walau saa mbili naye apumue.

Katika bajeti ya utafiti ninayoiandika sasa, nauli za wazazi nimeziweka mstari wa kwanza, juu ya kompyuta. Wenzangu wanasema wafadhili watazikata. Huenda wakazikata. Sababu nimeziandika ukurasa mzima.