Jolie Brise: Chombo cha Marubani Kilichoingia Mashindanoni

Nyumbani kwetu Tanga, neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijawa la angani. Marehemu babu, ambaye sehemu kubwa ya umri wake ilipita katika majahazi, alimwita rubani mtu anayepanda meli ngeni nje ya bandari na kuiongoza mpaka gatini, kwa kuwa anaijua miamba na mikondo ya kwao. Yule wa angani kwake alikuwa dereva wa ndege tu, na hakuna mjukuu aliyefaulu kumgeuza. Nimelikumbuka neno hilo nilipokuwa nikisoma habari za Jolie Brise, chombo cha mbao ambacho hakikosi kutajwa panapozungumzwa historia ya mashindano ya matanga ya bahari kuu, ingawa waliokiunda hawakuwa na mashindano yoyote akilini. Walikuwa wakiwaundia marubani.

Kiliundwa Le Havre, Ufaransa, mwaka 1913, katika kiwanda cha Paumelle, kwa mchoro wa Alexandre Pâris. Kina urefu wa futi 56, mlingoti mmoja, tanga kuu la pembe nne, na matanga madogo upande wa omo, yaani mbele. Jina lake maana yake ni upepo mzuri, na Wafaransa hulitumia pia kwa daraja la nne la Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo, yaani upepo wa kilometa 20 hadi 28 kwa saa, ambao nahodha wa pwani yetu angeupokea kwa bismillahi.

Kazi ya urubani ndiyo iliyokipa umbo lake. Chombo cha rubani kililazimika kukaa nje siku nyingi, katika mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ambao hauna huruma wakati wa baridi, kikisubiri meli itokeze. Ikishaonekana, kilitakiwa kiifikie upesi hata kwa kwenda bisho, yaani kuukabili upepo, kimshushe rubani, kisha kirudi na mabaharia wachache waliobaki. Kwa hiyo kilihitaji mbio, uvumilivu wa dhoruba, na matanga yanayoweza kushughulikiwa na mikono michache. Anayetafuta chombo cha kushindania bahari kuu, sifa atakazoziandika ni hizo hizo. Watu wa Lamu hawatashangaa, kwa sababu wao pia hushindanisha mashua zilizozaliwa kazini.

Urubani wenyewe haukudumu, maana mvuke ulikuwa umekwisha kuwanyang'anya wenye matanga kazi hiyo. Jolie Brise ikapelekwa kuvua jodari, hadi mwaka 1923 iliponunuliwa na Mwingereza E. G. Martin, aliyeitengeneza upya iwe ya safari za starehe. Miaka miwili baadaye aliiingiza katika mbio ambazo wengi waliziona ni za kuhatarisha maisha bure: kuondoka Ryde katika kisiwa cha Wight, kuuzunguka mwamba wa Fastnet ulio kusini-magharibi mwa Ireland, na kumalizia Plymouth, safari ya maili za baharini zaidi ya 600. Vyombo saba vilijitokeza. Jolie Brise ilishinda baada ya siku sita na saa kadhaa, na huko huko Plymouth washiriki wakaunda klabu ya mashindano ya bahari kuu, Martin akiwa kiongozi wake wa kwanza.

Katika mbio hizo hizo za Fastnet za mwaka 1927 dhoruba ilivitawanya vyombo 15 vilivyoanza, vikamaliza viwili tu, na Jolie Brise haikuwamo. Kisha, chini ya mmiliki mpya, Bobby Somerset, ilishinda tena mwaka 1929 na mwaka 1930. Hakuna chombo kingine kilichowahi kushinda Fastnet mara tatu.

Lakini kama ningeulizwa ni usiku gani wa kuhadithiwa, nisingechagua hata mmoja wa ushindi. Ningechagua usiku wa kwanza wa mbio za Bermuda za mwaka 1932, zilizoanzia Montauk, Marekani. Skuna, chombo cha matanga chenye milingoti zaidi ya mmoja, iitwayo Adriana ilishika moto ikiwa na watu 11, ikarusha fataki za kuomba msaada. Somerset aligeuza chombo, akakisogeza ubavuni mwa Adriana gizani, bahari ikiwa imechafuka. Aliyewahi kuvileta pamoja vyombo viwili vya matanga penye mawimbi anajua kwamba hata mchana, bila moto, mbao na kamba huweza kuharibiana kwa dakika moja. Hapa palikuwa na ndimi za moto juu ya chombo cha mbao chenye matanga ya kitambaa. Watu kumi waliruka wakaokoka. Wa kumi na moja, aliyebaki kwenye usukani ili wenzake wapate kuruka, aliruka mwisho, akakosa, bahari ikamchukua. Klabu ya Wamarekani, Cruising Club of America, ilimtunuku Somerset nishani yake, Blue Water Medal, kwa kitendo hicho, nami naamini hakuna kikombe cha mbio kilichomstahili zaidi. Yule wa kumi na moja hakuwepo kupokea chochote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili chombo kilikaa Ureno miaka mingi mikononi mwa familia moja, kisha kikarudi Uingereza katika miaka ya 1970. Tangu mwaka 1977 kinaendeshwa na Dauntsey's, shule iliyo kijijini Wiltshire, mbali na pwani. Wanafunzi husafiri nacho kiangazi, na baridi ikiingia ndio hao hao wanaokwangua rangi ya zamani na kupaka mpya, kwenye mbao za chombo kilichozaliwa kabla ya babu zao.