Kumbe ni chumvi

Mwaka jana nilisia mbegu za maua ya petunia mara mbili, na mara zote mbili miche ikafa ikiwa na majani mawili tu. Nikazilaumu mbegu. Kisha mamangu mkubwa akachovya kidole kwenye kopo, akalamba, akaniambia, "Mwanangu, hii ni bahari."

Hapa Kibokoni, Mombasa, maji yetu ya kisima yana chumvi. Ya kufulia, sawa, lakini mimi niliyanyunyizia miche. Isitoshe, vumbi la makumbi nililochanganya na udongo nililipata kwa msokota kamba, na makumbi ya kamba hufukiwa ufuoni kwa miezi mpaka yalainike. Mche mchanga ungeponea wapi?

Safari hii niliyaloweka makumbi kwenye beseni, nikamwaga maji na kutia mengine mara tatu, hadi ulimi usionje kitu. Miche inakunywa maji ya mvua niliyoyakinga kwa ndoo masika, na yakiisha nanunua mtungi wa lita 20 wa mkokoteni. Ni gharama, lakini naona inafaa.

Pakiti inasema sia ndani kwa sababu ya baridi. Baridi gani Mombasa? Mimi nasia ndani kwa sababu mvua ya Mei hufukua mbegu zote, na kunguru hung'oa kila kilichochipua.

Mbegu ya petunia ni kama vumbi. Naichanganya na mchanga mkavu laini, namwaga juu ya udongo na kuigandamiza kwa kitako cha gilasi. Haifukiwi, maana inataka mwanga ndipo iote. Treya naiweka kwenye sinia la maji inyonye kutoka chini, halafu naifunika kwa kipande cha kioo. Siku ya nane niliona vidoa vya kijani, nikakiondoa kioo papo hapo. Ukikiacha, kuvu huozesha mashina pale yanapogusa udongo, na miche hulala yote kwa usiku mmoja. Kila asubuhi naigeuza treya, kwa sababu miche huinamia dirisha.

Maua mengine niliyosia, zinia, hayasumbui: mbegu moja kwa kila kikopo cha gazeti, nusu sentimita chini, na siku ya nne yametoka.

Leo nimehesabu miche 31 ya petunia, kila mmoja na majani manne. Mamangu mkubwa anataka ya zambarau aiweke barazani kwake. Pakiti ni ya rangi mchanganyiko, siwezi kuijua mpaka ichanue. Amesema atangoja.